Metali Zinazoliwa kwa Kuchagua: Chanzo cha Udhaifu na cha Uimara

Kusini-mashariki ya mji wa Morogoro, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, ipo tarafa ya Matombo. Ni nchi ya mvua nyingi, migomba na viungo. Chini ya udongo wake, mahali pengi, yamelala matabaka ya marumaru, yaani mawe ya chokaa yaliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo mkubwa kilindini mwa ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Marumaru hiyo yajulikana sana kwa wachimbaji na wafanyabiashara wa vito, kwa kuwa ndani yake hupatikana rubi, ambayo ni yakuti nyekundu, na spineli, jiwe ambalo aghalabu hukua likiwa na nyuso nane zilizonyooka kana kwamba limechongwa na fundi.

Vito hivyo havipatikani ndani ya mwamba tu. Hupatikana pia katika udongo na changarawe zilizojaa mashimoni na katika nyufa za marumaru, vikiwa vimeachana kabisa na jiwe lililovizaa. Aliyevitenga ni mvua. Maji ya mvua hubeba gesi ya kabonidioksidi kutoka hewani, na yapitapo katika udongo wenye mizizi na majani yaozayo huchukua gesi hiyo kwa wingi zaidi. Hapo huwa asidi hafifu. Asidi hiyo, ingawa mtu aweza kuinywa bila kudhurika, huila chokaa polepole kwa maelfu ya miaka. Rubi na spineli haviwezi. Kwa hiyo marumaru huondoka na maji, na vito hubaki.

Inafaa hapa maneno mawili yatenganishwe. Samli iwekwapo motoni huyeyuka. Chumvi itiwapo majini humumunyika. Kuyeyuka ni kazi ya joto, na kumumunyika ni kutawanyika kwa chembe za kitu ndani ya kiowevu. Pale ambapo kiowevu humumunya sehemu moja ya kitu na kuiacha nyingine, kitendo hicho chaweza kuitwa umumunyaji wa kuchagua.

Jambo lilo hilo hutokea katika metali, na matokeo yake ni ya namna mbili zinazoonekana kupingana. Katika nyumba na mitambo huharibu koki, vali na mabomba. Katika maabara za miaka ya karibuni limekuwa njia ya kutengeneza metali zenye uimara usio wa kawaida. Makala haya yanakusudia kueleza namna kitendo kimoja kiwezavyo kuzaa udhaifu na uimara, na kwa nini tofauti hiyo ina maana kwa nchi yenye mabomba ya kutunza na madini ya kuuza.

KOKI ILIYOBAKI UMBO

Maji ya Uluguru hayaishii milimani. Mito ya miteremko ya mashariki huingia katika Ruvu, na Ruvu ndio mto ambao kwa miongo mingi umekuwa chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam. Njiani hadi kwa mtumiaji, maji hayo hupita katika vyombo vingi vya metali, na kimoja kilicho cha kawaida kabisa ni koki.

Koki nyingi, vali na viungo vya mabomba hutengenezwa kwa shaba njano. Shaba njano ni aloi, yaani metali iliyopatikana kwa kuyeyusha pamoja metali mbili au zaidi. Hapa ni shaba na zinki. Mara nyingi zinki huwa baina ya asilimia 30 na 40 ya uzito. Aloi hii hupendwa kwa kuwa ni rahisi kumimina katika kalibu na kuchonga kwa mashine, haipati kutu kama ya chuma, na bei yake ni nafuu kuliko ya shaba tupu.

Lakini atomu za metali hizo mbili, ingawa zimekaa bega kwa bega, hazina tabia moja. Atomu ya zinki huachana na elektroni zake kwa urahisi zaidi kuliko atomu ya shaba, na ikishaachana nazo huingia majini. Pakiwapo maji yenye chumvi, kama yale ya baadhi ya visima vya pwani, au maji yaliyotuama muda mrefu bombani, au maji ya moto, zinki huanza kutoka na shaba hubaki. Ndivyo marumaru ya Matombo iondokavyo na kuacha vito.

Madhara yake hayaonekani upesi. Koki huwa bado ina umbo lake, kipimo chake na hata mizunguko ya skrubu. Dalili pekee huenda ikawa rangi: njano hugeuka kuwa wekundu wa shaba. Ndani, hata hivyo, kilichobaki ni sifongo la shaba lenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Fundi aikazapo kwa spana, shingo ya koki hukatika kama kipande cha muhogo mkavu. Anayetaka kuthibitisha chanzo cha kuvunjika huko aweza kuikata koki kwa msumeno wa chuma na kuusugua uso uliokatwa kwa msasa laini. Akiona kiini cha njano kilichozungukwa na ukanda mwekundu, amepata jibu.

Chuma cha kalibu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa, hupatwa na jambo linalofanana. Ndani yake mna vipande vya grafiti, aina ya kaboni iliyomo pia katika penseli. Bomba la chuma hicho likizikwa miaka mingi katika udongo wenye chumvi au asidi, chuma huweza kutoka na kuacha grafiti pamoja na kutu. Kwa nje bomba huonekana zima, lakini laweza kuchongwa kwa kisu.

KAZI YA MASONARA

Masonara waliujua umumunyaji wa kuchagua karne nyingi kabla ya wahandisi, nao waliutafuta kwa makusudi. Dhahabu ya asili kwa kawaida ina fedha ndani yake. Ili kuitakasa, huwekwa katika asidi ya naitriki, ambayo huimumunya fedha na haiigusi dhahabu. Kazi hiyo huhitaji uangalifu mkubwa, kwa maana mvuke utokao ni sumu kwa mapafu.

Masonara hao waligundua kwamba dhahabu ikiwa nyingi mno, asidi hushindwa. Humumunya fedha iliyo juu, kisha husimama. Ndipo wakazoea kuiyeyusha dhahabu chafu pamoja na fedha zaidi, hata dhahabu ibaki kama robo moja ya uzito wote, kisha wakaitia asidini. Huonekana ajabu kuichafua dhahabu zaidi ili isafike, lakini sababu yake ni nyepesi kueleweka kwa mfano. Mtu akichanganya saruji na chumvi ya mawe, akaacha mchanganyiko ukauke kisha akauloweka, mambo matatu yawezekana. Chumvi ikiwa kidogo, kila punje imefungiwa peke yake na maji hayaifikii. Chumvi ikiwa nyingi kupita kiasi, saruji hubomoka yote. Baina ya hapo, punje za chumvi zimegusana kuwa njia moja ndefu, maji hupenya hadi ndani, na saruji hubaki imesimama ikiwa na mashimo. Atomu za fedha ndani ya aloi hufanya kama punje hizo.

Hata hivyo mfano wa saruji hautoshi. Saruji ilikuwa imeshikamana kabla ya chumvi kuondoka, na vito vya Matombo havishikamani kamwe: marumaru ikiisha, hubaki mawe yaliyotawanyika. Metali hufanya jambo la tatu. Fedha iondokapo katika tabaka la juu, atomu za dhahabu zilizoachwa hazikai mahali pake wala hazianguki. Hutembea juu ya uso na kukusanyika, kama maji yakusanyikavyo kuwa matone juu ya jani la gimbi. Kila kifungu cha dhahabu hukinga kilicho chini yake. Baina ya vifungu, asidi huchimba, hufunua tabaka jipya, na atomu mpya za dhahabu hujiunga na zile za kwanza. Mwaka 2001 Jonah Erlebacher na wenzake walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mashindano hayo mawili, ya kumumunyika na ya kukusanyika, yatosha peke yake kuzaa umbo linaloonekana katika hadubini: fito nyembamba za dhahabu zilizoungana pande zote, na njia tupu zilizoungana vivyo hivyo.

Unene wa fito hizo hupimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni moja, na unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Fito za dhahabu zaweza kuwa na unene wa nanomita 10 tu, yaani atomu zisizofika 50 zikipangwa kwa mstari.

Kwa muda mrefu viwanda vilivitumia vitu vya namna hii bila kujali uimara wake. Mwaka 1927 Mmarekani Murray Raney alipata hataza ya kumumunya aluminiamu kutoka katika aloi ya nikeli kwa soda kostiki. Sifongo la nikeli lililobaki lina uso mpana sana kwa uzito wake, na hutumika kuharakisha uunganishaji wa mafuta ya mimea na haidrojeni ili yagande kuwa mafuta ya kupikia. Huko kilichotakiwa ni uso. Suali la nguvu za fito zenyewe lilingoja muda mrefu zaidi.

MKUNJO WA MKEKA

Ili kulijibu suali hilo, yafaa kwanza kujua kwa nini metali hukubali kupindwa. Atomu zake zimejipanga kwa safu zilizonyooka. Mwaka 1926 mwanafizikia Yakov Frenkel alikokotoa nguvu itakiwayo ili safu moja nzima iteleze juu ya nyingine kwa pamoja. Jibu lake lilikuwa kubwa mno: metali safi halisi hukubali kupindika kwa nguvu iliyo ndogo kuliko hiyo kwa mara maelfu.

Maelezo yalipatikana mwaka 1934, pale Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walipopendekeza kwamba safu haziteleze zote kwa mara moja. Fikiri mkeka mpana uliotandikwa sakafuni. Kuuvuta mzima ni kazi. Lakini mtu akifanya mkunjo mdogo upande mmoja na kuusukuma hadi upande wa pili, mkeka husogea kwa nguvu kidogo. Ndani ya metali ipo mikunjo ya namna hiyo, kasoro katika mpangilio wa atomu, nayo hupita upesi kila metali isukumwapo.

Hivyo kuimarisha metali ni kuizuia mikunjo isipite. Metali ya kawaida imejengwa kwa chembechembe nyingi za fuwele, kila moja ikiwa na mwelekeo wake, na mkunjo ufikapo mpakani mwa chembe hukwama. Chembe zikiwa ndogo, mipaka huwa mingi. E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 walionyesha kanuni ya jambo hilo katika chuma: ukubwa wa chembe ukipunguzwa kuwa robo, nyongeza ya uimara itokanayo na mipaka huwa maradufu.

Chuma cha pua ni ushahidi wa zamani zaidi. Kikipoa polepole, ndani yake hujipanga matabaka membamba, moja la chuma laini na moja la kabidi ngumu, kwa kupokezana. Na kadiri matabaka yalivyo membamba ndivyo chuma kilivyo imara. Watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kabla hapajawa na neno la kisayansi la kueleza siri yake. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kutoka Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, juu ya tanuri za kale na wafua chuma wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo.

Fito zenye unene wa nanomita chache ni hatua ya mwisho ya njia hiyo. Katika ufito mwembamba kiasi hicho mkunjo hauna nafasi ya kuzaliwa, na ukizaliwa hutokea nje upesi kabla ya kuzaa mingine. Mwaka 2006 Cynthia Volkert na wenzake, huko Ujerumani, walibana nguzo ndogo sana za dhahabu yenye matundu, ambayo fito zake zilikuwa na unene wa nanomita 15. Kutokana na kipimo hicho walikadiria kwamba fito zenyewe zilihimili kiasi cha pascal bilioni 1.5, yaani uzito wa tani 15 hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Dhahabu laini ya kawaida huanza kupindika kwa chini ya moja ya kumi ya nguvu hizo. Metali iliyo maarufu kwa ulaini ilikuwa imekaribia mpaka uliokokotolewa mwaka 1926.

FITO BILA UDONGO

Kama fito zina nguvu hivyo, mbona koki iliyoliwa huvunjika mkononi? Jibu limo katika utupu ulio baina ya fito.

Nguvu ya kitu chenye matundu haipungui kwa kadiri ya matundu tu. Hupungua kwa kasi zaidi, kwa sababu fito hazibanwi kwa urefu wake bali hupindwa. Lorna Gibson na Michael Ashby walitoa kanuni itumiwayo sana ya kukadiria jambo hili. Kwa mujibu wake, kitu ambacho metali ni asilimia 30 ya ujazo wake, na utupu ni asilimia 70, hubaki na nguvu ya moja ya ishirini hivi ya zile za fito zake. Hata fito za pascal bilioni 1.5 zikijengwa hivyo hutoa kitu chenye uimara wa pascal milioni 75, ambao metali nyingi za kawaida huupita bila taabu. Katika koki fito si bora kiasi hicho, na hali ni mbaya zaidi.

Tena ipo hatari ya pili. Kitu hicho kikibanwa hustahimili, lakini kikivutwa ufito ulio dhaifu kuliko wote hukatika kwanza, mzigo wake huhamia kwa jirani, naye hukatika, na ufa hukimbia hadi mwisho. Kwa sababu hiyo dhahabu, metali inayoweza kufuliwa iwe nyembamba kuliko karatasi, ikiwa na matundu huvunjika kama kigae.

Mjenzi wa nyumba ya udongo hulijua jambo hili kwa mikono yake. Fito zilizofungwa kwa kamba husimama, lakini mtu akiziegemea huyumba. Udongo mtupu nao hupasuka. Ukuta hupatikana pale udongo unapojaza nafasi zote baina ya fito: fito huzuia udongo usipasuke, na udongo huzuia fito zisipinde. Kitu cha namna hiyo, ambacho sehemu zake mbili zimeshikana lakini kila moja imebaki na asili yake, kitaitwa hapa mseto. Hutofautiana na aloi, ambamo atomu zimechanganyika.

KUJAZA UTUPU

Wazo la kujaza utupu lilijaribiwa kwa njia mbalimbali. Mwaka 2013 Ke Wang na Jörg Weissmüller wa Hamburg walipenyeza utomvu wa plastiki ndani ya dhahabu yenye matundu na kuuacha ugande. Kitu kilichokuwa kikivunjika kama kigae kikaweza kuvutwa na kupindwa bila kukatika mara moja.

Njia iliyoleta misetoy ya metali kwa metali ni nyingine, nayo huanza kwa kubadilisha kiowevu. Badala ya asidi, hutumika metali iliyoyeyushwa. Kwamba metali ya moto huweza kula aloi kwa kuchagua lilikuwa jambo lililokwisha chunguzwa mwaka 1959, lakini lilianza kutumiwa kwa makusudi haya mwaka 2011, pale Takeshi Wada, Hidemi Kato na wenzao wa Japani walipotumbukiza aloi ya titani na shaba katika magnesi iliyoyeyuka. Shaba ilihamia katika magnesi na titani ikabaki kama fito. Njia hii ina faida kubwa: metali kama titani, ambazo haziwezi kutengenezwa hivyo kwa asidi na maji kwa sababu hushikwa upesi na oksijeni, sasa ziliweza kupatikana katika umbo hilo.

Erlebacher, Ian McCue na wenzao wa Marekani walitumia aloi ya tantali na titani wakaitumbukiza katika shaba iliyoyeyuka. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi. Tantali huhitaji zaidi ya nyuzi 3,000. Titani humumunyika katika shaba, lakini tantali na shaba hazipatani kabisa. Basi titani hutoka, tantali hukusanyika kuwa fito, na shaba huingia papo hapo katika kila nafasi iliyoachwa. Joto likipunguzwa, shaba huganda mahali ilipo. Hapana utupu unaobaki: fito na udongo vimejengwa kwa tendo moja.

Katika matokeo yao ya mwaka 2016, watafiti hao walitengeneza vipande vya mseto huo vyenye fito za unene mbalimbali, kuanzia zile zisizofika nanomita 100 hadi zile zinazozidi nanomita 1,000, kisha wakavibana. Viambato vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni unene wa fito. Kadiri fito zilivyokuwa nyembamba ndivyo kipande kilivyozidi kuwa imara. Sababu ni ileile ya mkunjo wa mkeka. Mkunjo uliozaliwa katika shaba hufika upesi kwenye uso wa tantali na kukwama, na ule wa tantali hukwama kwenye shaba. Tena ufa hauwezi kukimbia kwa urahisi, kwa kuwa mbele yake daima yupo jirani wa aina nyingine.

MIPAKA YA NJIA HII

Uimara huo hauongezeki bila kikomo. Chembe za metali zikipungua chini ya nanomita 10 au 20 hivi, metali nyingi huanza kulegea tena, kwa kuwa mipaka yenyewe huanza kuteleza.

Joto ni adui mwingine. Atomu zilizotembea ili kuzijenga fito huendelea kutembea zikipashwa moto, na fito nyembamba humezwa na zile nene, kama matone makubwa yamezavyo madogo. Dhahabu yenye matundu hunenepa fito zake kwa nyuzi mia chache tu. Kwa sababu iyo hiyo, aloi ikiachwa muda mrefu ndani ya shaba ya moto fito huwa nene na uimara hupotea. Mseto wa tantali na shaba una nafuu baada ya kuganda, maana metali hizo mbili hazichanganyiki, lakini haukingwi kabisa.

Mwisho ni gharama. Tantali ni metali adimu, na matanuri yanayofanya kazi bila hewa si rahisi kupatikana. Kwa sasa njia hii ni ya maabara na ya vifaa vichache maalumu. Hakuna atakayejenga daraja la Ruvu kwa tantali na shaba.

MAANA YAKE KWA TANZANIA NA JIRANI ZAKE

Faida ya kwanza ya elimu hii ni ya karibu sana, nayo haihitaji tanuri la gharama. Anayefahamu kwa nini zinki hutoka katika shaba njano hufahamu pia namna ya kuizuia. Aloi yenye zinki chini ya asilimia 15 hivi haidhuriki sana. Bati la asilimia 1 husaidia. Katika shaba njano ambayo zinki yake haizidi takriban asilimia 37, arseniki ya sehemu mbili hadi sita tu katika elfu kumi huweza kuyazuia madhara hayo karibu yote.

Kuipima koki kabla ya kuinunua kwa maelfu nako si jambo la miujiza. Kipimo cha kimataifa kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 hutaka kipande cha aloi kilowekwe katika mmumunyo wa kloridi ya shaba wa asilimia 1, kwa nyuzi 75 za Selsiasi, kwa saa 24. Kisha kikatwe na kina cha ukanda mwekundu kipimwe kwa hadubini. Chuo chochote cha ufundi chenye maabara ya kemia chaweza kuifanya kazi hiyo. Tanzania ina Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, na tangu mwaka 2019 ina RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Mradi wa maji wa kijiji husimamiwa na watu wenye fedha chache. Koki iliyo rahisi dukani, ikikatika baada ya miaka michache na kumwaga maji ya tangi zima usiku, ndiyo koki iliyo ghali.

Faida ya pili ni ya mbali zaidi. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo miongoni mwa nchi zinazotoa tantali kwa wingi kuliko zote duniani, na sehemu kubwa ya madini hayo huondoka yakiwa bado mchanga. Vito vya Matombo navyo vimeuzwa nje kwa miaka mingi, vingi vikiwa havijakatwa. Mjadala wa kuongeza thamani ya madini kwa kawaida huishia katika kusafisha na kuchonga. Habari ya mseto wa metali yaonyesha hatua iliyo juu ya hizo mbili. Kilo moja ya tantali na kilo moja ya shaba zaweza kuwa kitu dhaifu au kitu imara sana, bila kubadilisha uzito wala aina ya atomu hata moja. Kinachobadilika ni mahali zilipokaa. Thamani hiyo haichimbwi. Hutoka kwa mtu ajuaye namna ya kuzipanga, na mtu huyo huanza kufunzwa siku anapokata koki mbovu kwa msumeno na kuuliza kwa nini ukingo wake ni mwekundu.